Pande Tatu Zinatosha, Pande Nne Hazitoshi

Chukua njiti 12 za kiberiti, uzipange mezani ncha kwa ncha zifanye pembetatu, bila kuvunja hata moja wala kubakiza. Utapata pembetatu za namna tatu tu. Moja ina njiti 4 kila upande. Nyingine ina njiti 5, 5 na 2. Ya mwisho ina 3, 4 na 5. Ya nne hutaipata hata ukikesha, kwa kuwa ukishaweka njiti 6 upande mmoja, zile 6 zilizobaki zinaishia kulala juu yake na ndani hapabaki nafasi yoyote. Uzuri ni kwamba hizo tatu zinakupa mfano mmoja mmoja wa kila aina inayofundishwa shuleni: pembetatu sawa, pembetatu pacha, na pembetatu ya pande tofauti.

Sasa zipange njiti hizohizo ziwe na pande nne, 3 kila upande. Umepata mraba. Sukuma kona moja kwa kidole, polepole. Umbo linalala ubavu. Pande zote bado zina njiti 3, lakini mraba haupo tena. Ile ya 3, 4 na 5 huwezi kuisukuma ikageuka umbo jingine, utaitawanya tu.

Yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye tofauti hiyo. Urefu wa pande tatu unakuambia kila kitu kuhusu pembetatu: jina lake, pembe zake, hata eneo lake. Urefu wa pande nne haukuambii hata kama kona imenyooka. Mwanafunzi anayelielewa hili hahitaji kukariri orodha ndefu ya majina, na mtu mzima anayelielewa ana silaha nzuri siku ya kwenda kukagua msingi wa nyumba au kununua kiwanja.

Kabla ya jina, uliza kama ipo

Ukipewa namba tatu na kuulizwa ni pembetatu gani, usikimbilie jina. Hakikisha kwanza vipimo viko katika kizio kimoja. Mita 3 na sentimita 250 hazilinganishwi mpaka zote ziwe sentimita. Kisha ziandike upya kuanzia ndogo hadi kubwa. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayorahisisha zote zinazofuata.

Jumlisha mbili ndogo. Jumla ikiizidi ile kubwa, pembetatu ipo. Ikilingana nayo au ikiwa pungufu, haipo. Chukua 15, 6 na 7. Ukizipanga ni 6, 7, 15, na 6 + 7 ni 13. Vijiti viwili vifupi havitakutana hata ukivilaza kabisa. Chukua 6, 8 na 14: hapa vinakutana, lakini juu ya kijiti kirefu chenyewe, na ulichopata ni mstari. Kwa kuwa umeshazipanga, jaribio moja linatosha. Asiyepanga inambidi ajaribu mara tatu.

Euclid, aliyefundisha hisabati Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 K.K., aliithibitisha kanuni hii katika kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake 13 vya jiometria. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5 B.K. aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka Euclid kwa kujisumbua kuthibitisha jambo ambalo hata punda analijua. Weka majani kwenye kona moja na punda kwenye kona nyingine: atapita upande unaoziunganisha kona hizo mbili, hatazunguka kupitia kona ya tatu. Proclus akajibu kwamba kuona kuwa jambo ni kweli si sawa na kueleza kwa nini ni kweli. Nipo upande wa Proclus, tena kwa sababu ya kawaida kabisa. Kanuni hii tunaijua miguuni, lakini tukipewa namba tunaisahau. Mpe mwanafunzi 4, 4 na 9, ataandika "pembetatu pacha" bila kusita, kwa sababu macho yameona 4 mbili. Pembetatu hiyo haipo.

Majina matatu, na ugomvi mmoja wa zamani

Ukishajua ipo, jina linakuja lenyewe. Namba zimepangwa, kwa hiyo linganisha jirani na jirani. Ikiwa ndogo kabisa inalingana na kubwa kabisa, zote ni sawa: hiyo ni pembetatu sawa, na kila pembe yake ni nyuzi 60, hakuna namna nyingine. Ikiwa jirani wawili tu wanalingana, ni pembetatu pacha. Ikiwa hakuna wanaolingana, ni pembetatu ya pande tofauti.

Swali linalowasumbua wanafunzi ni hili: je, pembetatu sawa nayo ni pacha? Euclid alisema hapana. Kwake pacha ni ile yenye pande mbili tu zinazolingana. Wanahisabati wa leo wengi wanasema ndiyo, kwa kuwa mwenye pande tatu sawa anazo pia mbili zilizo sawa. Mimi naona utaratibu wa leo una faida kubwa zaidi. Ukishathibitisha kwamba katika pembetatu pacha pembe mbili za chini zinalingana, huhitaji kurudia uthibitisho kwa pembetatu sawa. Umeshaipata ndani yake. Hata hivyo, kwenye mtihani taja jina linalobana zaidi. Ya 4, 4 na 4 iite pembetatu sawa, wala mwalimu hatabishana nawe.

Majina haya yana kazi nje ya daftari. Fundi anayeunga kenchi za paa lenye migongo miwili akiifanya miguu yake miwili iwe sawa, ana hakika kwamba kilele kinaangukia katikati ya boriti ya chini, bila kupima pembe yoyote. Akihitaji kenchi 10 zinazofanana, anakagua urefu wa mbao tatu kwa kila moja na kazi imekwisha, kwa sababu pembetatu mbili zenye pande zilezile ni umbo lilelile. Alama za barabarani za kuonya na ile ya kupisha ni pembetatu sawa, na ukiangalia vizuri utaona kwamba ya kupisha imegeuzwa ncha ikawa chini, ili dereva aitambue hata kabla ya kuona rangi au maandishi.

Pande zinasema pembe pia

Jina la pacha halitoshi kukupa picha. Pembetatu ya 5, 5 na 2 ni nyembamba, imechongoka juu. Ya 5, 5 na 8 imelala, kilele chake kimefunguka kupita pembe mraba. Zote ni pacha. Kwa hiyo baada ya jina la pande, tafuta jina la pembe, nalo pia liko ndani ya zile namba tatu.

Zidisha kila namba kwa yenyewe. Jumlisha majibu ya zile mbili ndogo, ulinganishe na jibu la ile kubwa. Yakilingana, pembe inayoutazama upande mrefu ni pembe mraba, nyuzi 90 kamili. Jibu la kubwa likizidi, pembe hiyo ni butu. Likipungua, ni pembe kali, na kwa kuwa hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, basi zote tatu ni kali. Shika 6 na 8, ambazo zinakupa 36 + 64, yaani 100. Upande wa tatu ukiwa 10, mara yenyewe ni 100: pembe mraba. Ukiwa 9, ni 81: pembe zote kali. Ukiwa 12, ni 144: kuna pembe butu. Ukifika 14 pembetatu imeshakufa, kama tulivyoona.

Hii ni kanuni inayobeba jina la Pythagoras, ila imesomwa kutoka nyuma kwenda mbele: tunaanza na pande ili tuipate pembe. Jambo lenyewe ni la kale kuliko Pythagoras. Kuna kibao cha udongo kinachoitwa Plimpton 322, kilichoandikwa katika nchi ambayo leo ni Iraq yapata mwaka 1800 K.K., na sasa kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kina safu 15 za namba za aina hii. Safu ya kwanza ina 119 na 169, ambazo pamoja na 120 zinafanya pembetatu yenye pembe mraba. Zidisha mwenyewe uone: 14,161 na 14,400 ni 28,561, na 169 mara 169 ni hiyohiyo. Namba kubwa namna hiyo hazipatikani kwa kubahatisha.

Ukitaka pembe kwa nyuzi hasa, chukua kikokotoo chenye kosaini. Jumlisha zile mbili ndogo zilizozidishwa kwa zenyewe, toa ile kubwa iliyozidishwa kwa yenyewe, kisha gawa kwa mara mbili ya zao la zile ndogo. Kwa 5, 6 na 7: 25 + 36 − 49 ni 12, gawa kwa 60, unapata 0.2, na pembe yenye kosaini ya 0.2 ni karibu nyuzi 78.5. Wafaransa huiita kanuni hii kwa jina la Jamshid al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkand na kumaliza kitabu chake kikubwa cha hesabu mwaka 1427.

Kwa fundi ujenzi, 3, 4 na 5 ndiyo pembetatu ya kila siku. Unapiga kigingi kwenye kona ya msingi, unapima mita 3 kwenye kamba ya ukuta mmoja na mita 4 kwenye kamba ya ukuta wa pili, kisha unazisogeza kamba mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5. Kona imenyooka. Shauri langu ni kwamba nafasi ikiruhusu utumie 6, 8 na 10, kwa sababu kosa lilelile dogo la mkono huwa na athari ndogo kwenye pembetatu kubwa. Na usidharau kosa dogo. Ukisoma mita 5 na sentimita 5 mahali pa mita 5, pembe yako imekuwa karibu nyuzi 91.2. Kwa macho huioni. Lakini ukuta wa mita 12 ukianzia kwenye kona hiyo, mwisho wake utakuwa umekwenda pembeni sentimita 25. Ndiyo maana kamba ya nailoni, ambayo huvutika, haifai kupimia upande mrefu. Itumie kuonyesha mstari, na kipimo chenyewe ukisome kwenye futikamba ya chuma.

Vipimo haviko kamili kamwe

Vitabu vya shule hutoa namba safi, lakini futikamba haitoi. Ukipima pembetatu ukapata 12, 12 na 17, hesabu inasema 288 dhidi ya 289: butu. Ni butu kwa kiasi gani? Chini ya robo ya nyuzi moja. Hakuna fundi duniani anayeweza kuichonga tofauti hiyo kwa msumeno. Tena, hakuna pembetatu pacha yenye pembe mraba ambayo pande zake zote tatu ni namba nzima, kwa hiyo ukiitafuta kwa futikamba utapata makadirio daima: 5, 5 na 7 upande mmoja wa pembe mraba, 12, 12 na 17 upande wa pili.

Weka basi kiwango cha kosa unachokubali kabla ya kupima. Kwa mbao za kenchi, milimita chache ni sawa na hakuna tofauti. Kwa mipaka ya shamba, sentimita chache. Pande mbili zikitofautiana ndani ya kiwango hicho, ziite sawa na uendelee.

Vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na jambo hili mapema, kwa kuwa zoezi la "ingiza pande tatu, taja aina ya pembetatu" liko kila mahali. Glenford Myers alilitumia kufungua kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu ukaguzi wa programu, akionyesha kwamba hata watu wazoefu husahau majaribio mengi ya lazima. Wewe jaribu yako kwa 0, 0, 0. Kwa namba hasi. Kwa 4, 4, 9 na pia 9, 4, 4 na 4, 9, 4. Kisha kwa 0.1, 0.2 na 0.3. Hiyo ya mwisho ni mstari, si pembetatu. Lakini katika lugha nyingi za kompyuta 0.1 + 0.2 hutoka 0.30000000000000004, kiasi kinachoizidi 0.3 kwa unywele, na programu itakutangazia pembetatu ya pande tofauti. Dawa ni ileile ya fundi: weka kiwango cha kosa.

Pande nne: hapa lazima uvuke katikati

Tukirudi kwenye pembenne, mambo yanabadilika. Sharti la kuwapo linabaki na sura ileile, yaani upande mrefu kuliko wote uwe pungufu ya jumla ya mingine, na hivyo ndivyo ilivyo kwa umbo la pande zozote zile. Lakini jina haliko kwenye pande peke yake.

Pande zote nne zikilingana, ulicho nacho kwa hakika ni rombasi. Inaweza kuwa mraba, inaweza isiwe. Pande zinazotazamana zikilingana mbili mbili, ulicho nacho ni msambamba. Unaweza kuwa mstatili au usiwe. Zikilingana zile zinazopakana, mbili mbili, una umbo la kishada, lile la tiara ambayo watoto hurusha. Pande zote zikitofautiana, usiseme neno. Inaweza kuwa trapeza, inaweza kuwa pembenne isiyo na jina lolote, na pande hazitakuambia kama kuna mbili zinazokwenda sambamba.

Kipimo cha tano ndicho kinachoamua: mshazari, kutoka kona moja kuvuka katikati hadi kona inayoielekea. Ukishaupima mmoja, umeigawa pembenne kuwa pembetatu mbili, na kila pembetatu imefungwa haisogei. Geti la mbao lisilo na ubao wa mshazari hulegea upande wa komeo kwa sababu hiyohiyo. Ongeza ubao mmoja tu na limekuwa pembetatu mbili.

Kwa kukagua kona, pima mishazari yote miwili. Msambamba wenye mishazari sawa ni mstatili. Rombasi yenye mishazari sawa ni mraba. Angalia nimesema msambamba na rombasi, kwa maana pande umeshazipima. Wapo wanaopima mishazari peke yake, wakiona inalingana wanaridhika na kumwaga zege. Trapeza yenye miguu miwili sawa nayo ina mishazari inayolingana, na kona zake hazijanyooka hata moja. Pima yote: pande nne, kisha mishazari miwili.

Pande tano na kuendelea

Hapa nitapita haraka, maana kanuni umeshaiona. Poligoni ya pande tano inahitaji mishazari miwili zaidi ya pande zake ili ifungike, ya pande sita mitatu, na kwa ujumla toa 3 kwenye idadi ya pande. Chora mishazari hiyo isikatane, nayo itaigawa poligoni yote kuwa pembetatu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba poligoni yenye pande sawa ni poligoni kamili. Ukamilifu unadai pande sawa na pembe sawa kwa pamoja. Rombasi ina la kwanza bila la pili, mstatili una la pili bila la kwanza. Pembetatu peke yake ndiyo ambayo moja humlazimisha mwenzake aje.

Njia rahisi ya kupata yote mawili ni duara. Kona zote zikiwa juu ya duara moja na pande zikawa sawa, pembe hazina budi kulingana. Ukitaka pembesita, fungua bikari kwa urefu wa nusu kipenyo, tembeza juu ya duara mara 6, utarudi pale ulipoanzia. Kwa pembetano, zidisha nusu kipenyo kwa 1.176, kwa pembenane, kwa 0.765. Seremala anayetaka meza ya pembenane kutoka kwenye ubao wa mraba wa sentimita 100 anapima sentimita 29.3 kutoka kila kona, pande zote mbili za kona, na kukata. Pande zote 8 zitatoka na sentimita 41.4. Umbo hilo ndilo la alama ya barabarani ya "simama", nalo lilichaguliwa makusudi ili hata anayeiona kwa nyuma aitambue. Pembesaba ni kaidi: haichoreki kwa usahihi kamili kwa rula na bikari, lakini kadirio la 0.868 ya nusu kipenyo linatosha kwa kazi ya mikono. Ukitaka kuiona mkononi, tafuta sarafu ya Tanzania ya shilingi 50.

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote niliyotaja. Pembezoni mwa miji yetu viwanja hutajwa kwa namba mbili: ishirini kwa ishirini, ishirini kwa thelathini. Muuzaji anatembeza futikamba pande zote nne mbele yako na mashahidi, kila upande unasoma mita 20, mnapeana mikono. Kilichothibitishwa hapo ni rombasi.

Kama ni mraba, mishazari yote miwili itasoma mita 28.28, na eneo ni mita za mraba 400. Kama mmoja unasoma 24 na mwingine 32, pande ni zilezile 20, lakini eneo ni 384. Zidisha mishazari miwili, gawa kwa 2. Mita za mraba 16 zimeyeyuka, ukubwa wa chumba cha kulala. Na kiwanja kikilala mpaka mshazari mfupi usome mita 20, eneo linashuka hadi karibu 346, na bado kila upande ni 20 na hakuna aliyesema uongo. Zihifadhi namba hizi kichwani: kwa ishirini kwa ishirini, mshazari ni 28.28, kwa ishirini kwa thelathini, ni 36.06, kwa kumi na tano kwa ishirini, ni 25 kamili.

Kiwanja kisicho na pande sawa kinahitaji hesabu ya Heron, mhandisi wa Alexandria wa karne ya kwanza B.K., ambayo hutoa eneo la pembetatu kutoka kwenye pande tatu pekee. Tuseme pande ni mita 20, 15, 17 na 26 kwa kuzunguka, na mshazari unaotenganisha mbili za kwanza na mbili za mwisho ni mita 25. Pembetatu ya kwanza ni 15, 20 na 25. Hiyo ni 3, 4 na 5 iliyozidishwa kwa 5, ina pembe mraba, eneo lake ni nusu ya 15 mara 20, yaani 150. Ya pili ni 17, 25 na 26. Jumlisha pande, 68, chukua nusu, 34. Toa kila upande kwenye 34: unabaki na 17, 9 na 8. Zidisha 34 × 17 × 9 × 8, unapata 41,616. Kipeuo chake cha pili ni 204. Kiwanja kizima ni mita za mraba 354.

Wengi hufanya njia ya mkato: wastani wa pande zinazotazamana, kisha kuzidisha. Hapa ingekuwa 18.5 mara 20.5, yaani 379.25, zaidi ya mita za mraba 25 ambazo hazipo ardhini. Njia hiyo ni ya zamani sana. Imo katika maandishi ya kutani kwenye hekalu la Edfu, kusini mwa Misri, yanayoorodhesha mashamba ya hekalu. Ina tabia moja ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua: kosa lake huenda upande mmoja daima. Haipunguzi eneo kamwe. Inatoa jibu sahihi kwa mstatili tu, na kwa umbo jingine lolote la pande nne inaongeza. Kwa hiyo kila inapotumika, anayelipa kwa mita ya mraba ndiye anayeumia.

Hesabu hizi hazichukui nafasi ya mpima ardhi mwenye leseni, na mipaka halali ni ile iliyo kwenye ramani ya upimaji na kwenye vigingi vyake. Lakini zinakuwezesha kuuliza maswali kabla pesa haijatoka. Ukialikwa kushuhudia kiwanja kikipimwa, iwe ni chako au cha ndugu yako, omba futikamba ivushwe katikati, kona kwa kona, mara mbili, na uandike namba hizo mbili kwenye karatasi ya mauziano chini ya zile nne.